Ndagala wa Mwezi Uliopatwa

Uligeuza uso. Usijifiche nyuma ya jirani yako, ni wewe unayeambiwa. Redio ilisema wiki nzima, kwa Kiswahili, kwa Kirundi na kwa Kifaransa, kwamba Jumapili jioni mwezi mpevu utapatwa wote, na kwamba kuutazama hakumdhuru mtu. Ulisikia. Jumapili ilipofika ukaingiza mbuzi, ukaingiza watoto, ukasokota matambara ukaziba chini ya mlango, ukakaa kimya ukingoja yapite. Ndivyo ulivyofanya mwaka ule mto Mulongwe uliposhuka na mawe ukabeba nyumba za watu: ulisema maji hayajafika kwako. Ndivyo ulivyofanya ziwa lilipopanda likameza avenii nzima hapa Kalundu, watu wakapita na milango yao kichwani, na wewe unauliza bei ya sukari. Wapo wanaokumbuka. Basi sikiliza kilichotendeka Jumapili, kwa sababu kulikuwa na mtu mmoja aliyekaa uani kwake akautazama mwezi tangu ulipoanza kumegwa, na alikuwa na sababu.

Mtu huyo ni Mwavita, mjane wa Hakimu. Ana mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa miti ikawa chombo kimoja, wavu unashuka katikati yake, taa zinaning'inia juu ya maji. Hakimu alimwachia hiyo mitumbwi, na pamoja nayo akamwachia nafasi ya kuiegesha pwani ya Kalundu. Hiyo nafasi ndiyo mali yenyewe. Mitumbwi bila nafasi ni kuni, maana huwezi kuteremsha samaki juu ya mchanga wa mwenzako.

Sasa, komite ya pwani hukaa siku moja baada ya mwezi mpevu. Siku hizo wavuvi wote wanapumzika: mbalamwezi inamulika ziwa zima, na ndagala, dagaa wa ziwa hili, akiwa na mwanga kila mahali hana haja ya kufuata taa ya mtu. Na komite ina sheria yake. Ambaye hakuteremsha samaki hata mara moja tangu kikao kilichopita, mbele ya mlinzi wa komite, nafasi yake inapewa mwingine.

Mwezi huu dhoruba ilipasua mtumbwi mmoja wa Mwavita mwanzoni mwa giza, zile wiki zisizo na mbalamwezi. Fundi alingoja mbao kutoka Fizi, mbao zikachelewa, usiku wote mzuri wa kuvua ukapita mtumbwi ukiwa kifudifudi mchangani. Fundi alipomaliza kuziba nyufa kwa pamba na mawese, mwezi ulikuwa umeshanenepa. Na siku hiyohiyo Eugène, prezida wa komite, akaja kutembea.

"Kazi nzuri," akasema, akigonga ubao kwa pete yake. "Pole tu kwamba umechelewa, mama."

"Nimechelewa nini, Prezida?"

"Jumatatu tunakaa. Na haujateremsha kitu."

"Mitumbwi ilikuwa juu ya mchanga. Weye ulikuwa unapita hapa kila siku, unaiona."

"Niliiona. Na sheria nayo inaniona minye."

"Na mwezi huu ulivyo, nani anaweza kuvua? Watu wako wenyewe wamelala."

"Watu wangu walivua giza yote. Hao wako na haki ya kulala."

Eugène ana vyombo vitano pwani ile. Cha sita kimeshapakwa rangi, kiko nyuma ya ghala, kinangoja mchanga wa kulalia. Mvuvi mwenzenu Irankunda alipolazwa na kipindupindu, nafasi yake ilikwenda kwa nani? Chance alipokwenda Nyakabere kumzika mama yake, akarudi akakuta mtumbwi wa nani umelala mahali pake? Mlijua. Mlipita kando mkamsalimu prezida kwa mikono miwili.

Mwavita alisikia habari ya mwezi akiwa kwa Gloriose, jirani yake, wanamenya mihogo. Redio ilikuwa juu ya dirisha. Gloriose akafanya ishara ya msalaba na kisu mkononi.

"Wamesema utazimika muda gani?" akauliza Mwavita.

"Zaidi ya saa moja mzima. Weye unauliza ya nini? Unataka kuukodisha?"

Muhogo ulibaki mkononi mwa Mwavita nusu umemenywa. Kisha akacheka, kicheko cha kutoka tumboni, hata Gloriose akaweka kisu chini.

"Mama Mwavita, nini?"

"Giza," akasema Mwavita. "Gloriose, banatuletea giza. Katikati ya mbalamwezi."

Kumwambia Gloriose ilikuwa rahisi. Kazi ilikuwa Tariki, mdogo wake, ambaye ndiye kapita, msimamizi wa wavuvi wa chombo chake. Tariki alisikiliza mpaka mwisho akiwa amefumba jicho moja, kama mtu anayekagua fungu la samaki analolitilia shaka.

"Yaya, dada yangu, hakuna muntu anaingia ziwani na mwezi mpevu. Batatucheka mpaka ng'ambo Rumonge."

"Bacheke. Jumatatu tukishapoteza nafasi, batatucheka zaidi."

"Na ndagala nani amebapasha habari? Nabo basikiliza redio?"

"Ndagala anataka giza. Hajali giza imetoka wapi."

Tariki alikuna kidevu. Nyuma yake alikaa Damien, mkulima wa Kiringye aliyekuja Kalundu kuvuta kamba tangu shamba lake lilipoliwa na mafuriko. Alikuwa na mwaka mmoja tu ziwani na bado anashika ukingo wa mtumbwi kama anashika ng'ombe.

"Kwetu Kiringye," akasema Damien, "mwezi ukipatwa tunapiga masufuria mpaka uachiwe."

"Hapa hakuna sufuria," Tariki akamwambia.

"Nitabeba yangu."

"Ukipiga sufuria juu ya ndagala wangu, nitakutupa uogelee mpaka kwenu."

"Kiringye haiko na ziwa."

"Ndiyo minasema."

Mwavita aliona kwamba wameanza kubishana juu ya sufuria, si juu ya kwenda. Akanyanyuka akaenda kuziweka batri za taa juani.

Jumapili jua lilizama nyuma ya milima na mwezi ukatoka upande wa Burundi, mnene, rangi ya mawese, ukamwaga njia ya mwanga juu ya maji hadi chini ya Kalundu. Milango ilikuwa inafungwa moja baada ya nyingine. Vyuma vya kufungia vililia kuanzia bandarini hadi juu kilimani. Hata wale wenye bunduki wa barieri ya barabarani walikuwa wamekunja kamba yao wakaingia ndani. Msikitini waliitana kwa swala ya kupatwa. Mwavita aliswali uani kwake, juu ya mkeka, kisha hakukunja mkeka. Akaukalia, akaegemea nguzo, ziwa lote likiwa mbele yake na telefone mapajani.

Chombo chake kilikuwa karibu, doa jeusi juu ya maji yanayong'aa. Kingine hakikuwepo. Usiku wa giza ziwa lile huwa na taa nyingi mpaka unadhani mji umehamia majini. Jumapili hapakuwa na hata moja.

Telefone ikalia. "Yaya, unaona?"

"Niko naona."

Ukingo wa chini wa mwezi ulikuwa umeliwa. Kidogo tu, kama mtu aliyeonja andazi akalirudisha sahanini. Mwavita alihisi nywele za mikono zinasimama. Alikuwa ameliwaza jambo hilo wiki nzima kwa hesabu ya samaki, na sasa lilipoanza akasahau samaki. Jambo kubwa kiasi kile lilikuwa linatembea juu ya paa lake, kimya, bila kumwomba mtu ruhusa, na yeye alikuwa na kiti cha mbele bure.

"Niwashe?" akauliza Tariki.

"Bado. Kivuli cha kamba yangu ya nguo iko ukutani."

Tariki akaelewa. Mvuvi wa taa ana kipimo hicho: ukiona kivuli cha mkono wako juu ya maji, usipoteze batri. Mwavita alikuwa na ukuta mweupe unaotazama ziwa, na kamba ya nguo mbele yake, na kivuli cha kamba kilikuwa mstari mweusi kutoka kona hadi kona.

Mwezi ukaendelea kuliwa. Robo ikaenda. Nusu ikaenda. Mtaani masufuria yakaanza, kwanza moja, kisha kumi, kisha hayahesabiki, na kutoka kanisani nyimbo zikapanda juu ya masufuria, na mbwa wakajiunga. Mwavita alisimama, akakaa, akasimama tena. Alimwita Gloriose juu ya ua.

"Gloriose, toka uone."

"Minye nina watoto," sauti ikajibu kutoka ndani.

"Nabo batoke."

"Mama Mwavita, niache niombe."

Nyota zikaanza kutokea mahali ambapo mbalamwezi ilikuwa imezifuta, kwanza juu ya milima, kisha juu ya ziwa, kwa wingi, kama mtu amepindua kikapu. Ukanda mwembamba wa mwanga ukabaki juu ya mwezi, ukawa uzi, uzi ukakatika. Mwezi haukutoweka. Ulining'inia pale mzima, mviringo, mwekundu kama kaa linalozimika.

Telefone ikalia, ikashika rezo, mtandao wa Burundi, ikakata, ikalia tena.

"Yaya, haujazimika. Redio imetudanganya. Umekuwa mwekundu. Damien anasema ni damu, anataka turudi."

"Acha rangi. Mkono wako iko na kivuli?"

Ndani ya telefone maji yaligonga ubao.

"Tariki."

"Hapana," akasema Tariki polepole. "Haiko."

Mwavita aligeuka. Ukuta wake ulikuwa mweusi wote. Kamba ya nguo ilikuwa haionekani kabisa, wala kivuli chake.

"Washa," akasema.

Taa zikawaka. Fungu moja dogo la mwanga, peke yake, kutoka Kalundu hadi ng'ambo ya Burundi. Mwavita akaliona hilo na moyo wake ukaruka, maana hakuwa amelifikiria kabla: ndagala wa sehemu ile yote ya ziwa walikuwa na taa moja tu ya kuifuata, na ilikuwa yake.

Lakini ndagala hawaji kwa kuitwa jina. Aliacha telefone wazi sikioni akasikiliza. Alimsikia Damien anaomba kwa Kifuliiru cha kwao, haraka, bila kupumzika. Alimsikia Tariki anamwambia amalize kabla wavu haujapanda, Mungu amesikia. Mwezi ulikuwa hapo juu mwekundu na saa yao ilikuwa inakwenda, na yeye hakuweza kuisukuma wala kuishika. Angekuwa mwanaume angekuwa amesimama juu ya ule mti wa katikati ya mitumbwi. Alishika ncha ya kitenge chake akaitia menoni.

"Yaya." Sauti ya Tariki ilikuwa imeshuka hadi mnong'ono.

"Nini?"

"Maji inachemka."

"Sema vizuri."

"Bamekuja. Banazunguka chini ya taa, weupe, siuoni mwisho wao. Nivute?"

Mwavita alitazama mwezi. Upande ule wa chini, ulioliwa kwanza, ulikuwa bado na wekundu mzito. Kulikuwa na muda. Kama angewavuta sasa angepata wengi. Kama angengoja angepata wote, au mwanga ungerudi na wote wakatawanyika.

"Ngoja."

"Yaya, kamba inaniunguza mikono."

"Ngoja, mdogo wangu."

Alihesabu pumzi zake, akapoteza hesabu, akaanza upya. Sehemu ya chini ya mwezi ikaanza kupauka, kidogo, rangi ya chungwa bivu.

"Zima za pembeni. Acha ya katikati. Vuta sasa."

Telefone ikaanguka ndani ya mtumbwi. Alisikia kamba zinalia, wanaume wanaguna, Tariki anaita kwa mdundo, vuta, shika, vuta. Damien alikuwa ameacha kuomba. Kisha sauti ya Damien, karibu kabisa na telefone, anacheka kama mtu anayetekenywa.

"Mama, wavu inakataa kupanda. Imejaa mpaka inakataa. Ninachota na sufuria yangu, mama, unasikia? Na sufuria."

Mwavita hakusikia zaidi. Alikuwa ameshatoka.

Alishuka ile njia ya mawe bila viatu, akapita barieri tupu, na alipofika mchangani mwezi ulikuwa umepata ukingo mweupe, mwembamba kama ukucha. Chombo kilikuwa kinakuja kizito, maji yanakaribia ukingo. Na hapo ndipo alipokumbuka sheria. Mbele ya mlinzi wa komite. Akageuka akakimbia hadi nyumba ya mlinzi Placide, hatua chache kutoka majini, akagonga kwa viganja vyote viwili.

"Papa Placide. Toka. Samaki banateremka."

"Minye siko," ikasema nyumba.

"Na anayejibu ni nani?"

"Siko, mama. Rudi mwezi ukipona."

"Mwezi ukipona samaki batakuwa wameshuka. Kazi yako ni kuona. Toka uone."

"Prezida alisema usiku huu hakuna kazi."

"Prezida alikwambia ufumbe macho?"

Ndani kitu kilivutwa kikaegemezwa mlangoni, kizito, labda meza. Mwavita alisimama pale, kiganja juu ya ubao. Hasira ilipanda mpaka masikioni. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna mwanamke aliyelifanya usiku ule wa milango iliyofungwa: akarudi katikati ya avenii akapaza sauti, si kwa kulia, kwa kuuza, sauti ileile ya soko ambayo Kalundu nzima inaijua.

"Ndagala. Ndagala babichi. Ndagala ba mwezi. Nani iko na beseni, aje abebe, atapata sahani yake bure."

Gloriose alitoka wa kwanza, beseni kichwani, watoto nyuma yake wanautazama mwezi midomo wazi. Ndani ya muda wa kufungua kufuli, avenii ilijaa. Watu walioziba madirisha yao walikuwa na maji hadi magotini, wanapokea beseni kutoka kwa Tariki, wanapeana mkono kwa mkono hadi uani kwa Mwavita, na ndagala wanang'aa ndani ya zile beseni kama vile mwezi umevunjwavunjwa ukagawiwa. Damien alisimama juu ya mtumbwi na sufuria yake, akimwambia kila anayepita kwamba yeye hakuogopa hata kidogo.

"Nilikusikia kwa telefone," Mwavita akamwambia.

"Hiyo ilikuwa ni kuwaita samaki, mama."

"Kwa Kifuliiru?"

"Ndagala ba hapa basikia Kifuliiru vizuri."

Mawese yakawekwa motoni. Mkakaa uani kwake, kwenye mawe, kwenye ndoo zilizopinduliwa, mkala ndagala wa moto kwa vidole, mkatazama mwezi unajijaza juu ya Burundi. Mlipiga kelele kila ulipoongezeka. Mtu mmoja alisema hajawahi kuona kitu kizuri hivyo maishani mwake, na wengine mkasema ni kweli. Ni mdomo wenu uliosema.

Mwezi ulipopona wote, Placide akaja. Alitazama beseni zilizojaa, akatazama nyavu zinazodondosha maji, akamtazama Tariki mwenye magamba hadi kwenye nyusi.

"Ninaona samaki," akasema. "Sikuona bakishuka."

"Mtumbwi bado imelowa," akasema Mwavita.

"Ninaona mtumbwi imelowa. Sikuona samaki bakishuka."

Leo asubuhi Eugène amekwishasema pwani, kwa sauti ya kusikika, kwamba hakuna mtu aliyewahi kuvua na mwezi mpevu, na kwamba ndagala wale mwanamke huyo aliwanunua Rumonge wakaletwa kwa siri. Kile chombo chake cha sita kimetolewa nyuma ya ghala tangu alfajiri. Kimewekwa pembeni ya nafasi ya Hakimu, pua yake inaelekea mchanga. Mwavita ameketi katikati ya mahali pake, juu ya kamba zake, hajaondoka hata kunywa chai. Tariki amesimama upande mmoja, Damien upande mwingine. Watatu. Komite itauliza nani mwingine aliona, kisha itasubiri kidogo kwa adabu, kisha itaandika.

Irankunda hakuwa na shahidi. Chance hakuwa na shahidi. Walikuwa nao, lakini mashahidi walikuwa na kazi nyingi siku hiyo.

Wewe ulikuwa ndani ya maji. Ulipokea beseni. Ulilamba mawese kwenye kidole ukaomba sahani ya pili ukapewa. Komite inakaa mchana huu, wazee wameshaanza kubeba viti. Acha kusoma. Funga duka, mwachie jirani mtoto, mwamshe mume wako, shuka pwani sasa hivi ukasimame nyuma ya yule mwanamke, na prezida akiuliza nani aliona, useme kwa mdomo wako mwenyewe: minye.